Njia ya kuchunguza ufundi wa Shaaban Robert
ANAYETAKA kuelewa ufundi wa Shaaban Robert (1909-1962) asianze na miongozo ya mitihani, kwani hiyo humpa muhtasari wa kisa na kumnyima mtindo. Aanze na Kusadikika yenyewe. Humo, Karama anajitetea dhidi ya waziri Majivuno kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Hadithi ndani ya hadithi inageuka utetezi, na majina ya wahusika yanafichua tabia zao.

Kisha asome tawasifu yake, Maisha Yangu, pamoja na barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi. Hatimaye alinganishe maoni yake na makala za jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa utaratibu huo, hoja atakazotoa zitakuwa zake, si za kukariri.