Mwarobaini Uliingia Maabara

Wasee, ule mwarobaini mchungu shosho alikuwa anakuchemshia? Mwaka 2004, wanasayansi wa Pune, India, walichemsha majani yake wakachanganya na maji yenye chumvi ya madini ya fedha. Maji yakageuka kahawia. Hapo chembe za fedha zimeshaundika, ndogo sana, maelfu zinatoshea upana wa unywele mmoja.

Michael Faraday, London, 1857, alitumia fosforasi kupata chembe za dhahabu, na fosforasi nyeupe si mchezo, huwaka yenyewe hewani! Hapa ni sukari na viini vya jani tu.

Mti ni wa kwao, sawa. Lakini sisi ndio tuliupa jina la magonjwa arobaini, halafu bado tunauita dawa ya kishamba. Nani alituambia?