Mafuta ya Krili na Historia ya Uwindaji wa Nyangumi

Historia ya uwindaji wa nyangumi katika Bahari ya Kusini mara nyingi huanzia Grytviken, kituo alichokianzisha Carl Anton Larsen huko South Georgia mwaka 1904. Katika insha hii ninadai kuwa yafaa ianze na krili, kiumbe mdogo anayefanana na uduvi.

Kule, majira ya joto ni Desemba hadi Februari. Barafu huyeyuka, mwani mdogo usioonekana kwa macho hustawi, na krili huula na kujiwekea mafuta mwilini. Nyangumi nao huwala krili na kunenepa. Wawindaji walifuata kalenda hiyohiyo, na mafuta ya nyangumi yakawa sabuni na majarini huko Ulaya.

Ushuru wa mafuta hayo ndio uliogharimia utafiti wa meli ya Discovery kuanzia 1925. Hata hivyo, swali moja lilikawia kujibiwa: wakati wa baridi, krili huishije? Mwaka 1982 Ikeda na Dixon walionyesha kuwa huweza kuvumilia njaa kwa zaidi ya siku 200, mwili ukizidi kusinyaa. Uchunguzi wa mafuta ya miili yao umeonyesha pia kuwa chakula chao hubadilika: hula mwani wa barafuni na wanyama wadogo.

Jibu hilo lilipopatikana, nyangumi wa bluu walikuwa wamekaribia kwisha. Biashara iligharimia elimu lakini haikuisubiri. Leo krili wenyewe wanavuliwa kwa ajili ya mafuta yao. Ndiyo maana naona historia hii bado inatuhusu.