Mtu Aliyetaka Kumfuma Ruwa

Wachaga wana hadithi ya mtu aliyefiwa na wanawe. Kwa uchungu alimwendea mhunzi amfulie vichwa vya mishale, akashika njia ya mawio ya jua akamfume Ruwa, yaani Mungu. Huko akakuta msafara wa Ruwa unaong'aa. Alipoulizwa shida yake akanywea, akasema amekuja kusalimu tu. Ruwa akamwonyesha wanawe wakiwa katika fahari, akamruhusu awachukue. Hakuwachukua. Alirudi nyumbani, akajaliwa wana wengine na mali.

Alice Werner aliisimulia kwa Kiingereza mwaka 1933.

Kwa wazee, Ruwa alikuwa mwema. Ugonjwa ukiingia nyumbani, walioshukiwa kwanza ni mababu waliosahauliwa: ramli ikapigwa, mbuzi akachinjwa. Ruwa aliendewa mababu walipokwisha kushindwa.

Kibosho, eneo mojawapo la Wachaga, nayo ilikuwa na sababu za kulalamika kama mfiwa huyo. Februari 1891 jeshi la Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann lilivunja ngome ya Mangi Sina, yaani mtawala wake. Mwaka 1893 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni huko. Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Molelia wa Kibosho pamoja na Mangi Meli wa Moshi.

Mapadre walileta jibu jingine: dhambi ya Adamu, na Mungu aliyeteswa mwenyewe msalabani. Lawama ikawaondokea mababu, swali la mfiwa, kwa nini wanawe wafe, likabaki. Leo Kibosho ina seminari kuu ya falsafa, na waseminari wake hulijadili swali hilo darasani, kwa hoja za Augustino na Thoma wa Akwino.