Siku 84 za mama zilitoka wapi? (Sehemu ya 5)



Wiki iliyopita tuliongea kuhusu kumpa mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo. Meseji zikaja nyingi, na karibu zote zilikuwa na swali moja: "Nesi, hiyo miezi 6 naitoa wapi na kazini nasubiriwa?" Mdogo wangu mmoja aliandika maneno matano tu: "Mimi nilirudi wiki ya tano."

Basi leo maziwa tuyaweke pembeni, tuongelee hizo siku zenyewe. Wengi wetu tunadhani likizo ya uzazi ni roho nzuri ya bosi. Wengine wanadhani serikali iliamka asubuhi moja ikatuonea huruma. Hapana jamani. Kuna watu walilala njaa, na wengine walikuwa kwenye reli hii hii inayopita hapa kwetu, mji kasoro bahari.

Tuanze na katani. Reli kutoka Dar ilifika Morogoro mwaka 1907, enzi za Mjerumani. Mashamba ya katani yakatanda kuifuata, Tungi hapa, mpaka kule Kimamba na Kilosa. Waluguru wengi waliona heri kulima milimani kwao na kushusha chakula mjini, kwa hiyo mashamba yaliishi kwa watu waliosombwa kutoka mikoa ya mbali, wale ambao bibi zetu waliwaita manamba. Alipokuja Mwingereza, kazi ikahesabiwa kwa kipande. Kipande ni kadi ya siku 30 za kazi. Unatakiwa uijaze ndani ya siku 42, na ikishajaa ndiyo unalipwa. Siku uliyoumwa haihesabiki. Kadi ile haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtoto wako ana homa. Na ukienda peke yako kwa msimamizi kulalamika, shamba lina watu mia kadhaa wanaoweza kushika panga lako kesho yake.

Mabadiliko yalianzia bandarini Dar es Salaam. Makuli waligoma 1939, wakagoma 1943, na Septemba 1947 wakagoma tena. Safari hii mgomo ukapanda treni, yaani ukasambaa kuingia bara kwa kufuata reli ya kati. Mishahara ikapanda na makuli wakaunda chama chao. Mwaka 1950 mgomo mwingine uliishia kwenye vurugu na chama kikavunjwa. Mimi hapo ndipo ninapowavulia kofia wazee wale: waliambiwa chama chenu kimekufa, wakaenda kuunda vingine.

Mwaka 1955 nauona ni wa pekee, kwa sababu yalitokea mambo mawili, moja mlimani kwetu na jingine Dar.

La mlimani wazee wa Matombo wanalijua. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mradi wa kulazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko ya Uluguru, kuzuia udongo usimomonyoke. Kwenye karatasi ulionekana mzuri. Mashambani ilikuwa kazi ngumu isiyo na ujira, na matuta yalileta juu udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakawa hafifu. Kumbuka kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na shamba ndiyo chakula cha watoto. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa. Polisi wakaingia, mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mradi ule ulikufa. Watu walishinda, lakini kwa damu, maana hapakuwa na meza ya kukaa na mkoloni wakaongea, wala chombo ambacho angelazimika kukisikiliza kabla ya bunduki.

Mwaka huo huo, Tom Mboya akiwa ameshakuja kutoka Kenya kuwapa moyo, vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana kuunda shirikisho lao, TFL. Katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, ndiyo huyo huyo Mzee Kawawa aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Sasa palikuwa na meza.

Lakini meza haikuja na chakula. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, chama chao kikiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82. Themanini na mbili! Mshahara hakuna. Vitabu vinataja majina ya makatibu na marais wa vyama. Mimi kila nikisoma najiuliza nani alikuwa anainjika sufuria siku zote hizo katika nyumba za reli, na alikuwa anatia nini ndani. Hao hawakuandikwa.

Miaka michache iliyofuata ilileta vitu ambavyo mpaka leo tunavila. Kima cha chini cha mshahara kilipanda mwaka 1962. Mwaka 1964 ukaanzishwa mfuko wa akiba wa NPF, ambao ndiyo mama yake NSSF. Ila mwaka huo huo, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na nchi nzima ikabaki na chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Mwaka 1978 kikawa JUWATA. Ada ikakatwa kwenye mshahara, kadi ikawa mfukoni, lakini kiongozi anawajibika kwa aliyemteua, si kwako.

Na hapa lazima niwe mkweli, maana wapo watakaosema nesi anavipigia debe vyama. Siku 84 za likizo yenye malipo kwa kila mwanamke, mwenye ndoa na asiye na ndoa, zilikuja mwaka 1975 katika kipindi hicho hicho cha chama kimoja, na wanawake wa UWT ndio waliosukuma sana. Kabla ya hapo binti aliyezaa bila ndoa hakuhesabiwa sawa na mwenzake, kana kwamba kidonda chake cha uzazi kinapona haraka zaidi! Kwa hiyo sisemi kila jema lilitoka kwa chama cha wafanyakazi. Ninachosema ni kwamba kila mara kuna kundi lililokaa pamoja likadai.

Upande wa pili wa enzi hizo tuliuona mkoa huu huu. Julai 1986, kwenye kiwanda cha sukari cha Kilombero, wafanyakazi waliokuwa wanadai malipo yao walipigwa risasi na polisi, wapo waliokufa. JUWATA ilikuwepo. Halafu ikaja miaka ya 90, viwanda vyetu vya Moro vya viatu, ngozi na turubai vikafa au vikauzwa, na nyumba nyingi za Kihonda na Mji Mpya zinajua kilichofuata.

Sheria ya mwaka 1998 ndiyo iliyorudisha uhuru wa kuunda vyama, na sheria kubwa tunayoitumia sasa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nisikilizeni vizuri hapa. Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa malipo, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi kazini una hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kunyonyesha. Usipangwe zamu ya usiku miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua na miezi 2 baada yake. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba ni kosa. Mfanyakazi wa msimu naye anahusika na likizo yenye malipo, msidanganywe. Na mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe muda, jambo lililopiganiwa miaka mingi.

Sasa mtauliza, kama sheria ipo, chama cha nini?

Nimewahi kumhudumia mama aliyekuja na jipu kwenye ziwa, mtoto ana wiki ya saba. Kibarua wa kiwandani, kiwanda sikitaji. Anaingia saa moja asubuhi, anatoka jioni, maziwa yanajaa, hakuna pa kukamua, anabana kanga kifuani na kuendelea na kazi. Nikamuuliza kuhusu zile saa 2. Akanitazama kama nimemwambia kuna saa za kulala. Halafu akasema, "Nesi, nikienda mimi kuuliza, kesho geti halifunguki." Sheria ilikuwepo tangu yeye yuko shule ya msingi. Mtu wa kwenda kuuliza kwa niaba yake ndiye hakuwepo.

Huyo mtu ndiye mwakilishi wa tawi. Sheria inaruhusu wanachama kuchagua wawakilishi wao kazini, na penye wanachama zaidi ya 100, angalau watano kati ya wawakilishi hao wawe wanawakilisha wanawake. Chama kikifikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi, mwajiri analazimika kukaa nacho mezani, na wanaweza kufunga mkataba wa hali bora wenye mambo mazuri kuliko sheria: chumba cha kukamulia, usafiri wa zamu ya jioni, siku zaidi. Hizo 84 ni kiwango cha chini. Sisi watu wa afya kazi yetu ni huduma muhimu, kisheria haturuhusiwi kugoma, kwa hiyo meza ndiyo silaha tuliyonayo.

Kingine wengi hawajui: penye chama chenye wanachama zaidi ya nusu, wanaweza kukubaliana na mwajiri hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala. Unakatwa, na siku ya uchaguzi wa tawi huna kura. Kama hela inakatwa, heri uwe na sauti. Kujiunga ni kujaza fomu ya TUF 6. Afya na serikali kuna TUGHE, halmashauri TALGWU, viwandani na biashara TUICO, mashambani TPAWU. Vyama hivi vina kasoro, nimeshaona viongozi ambao tunawaona Mei Mosi tu na fulana mpya. Hao wanaondolewa kwa kura, na kura ni za wanaohudhuria mkutano.

Na dada wa kazi aliyeko jikoni kwako sasa hivi wakati unasoma hii? Naye ni mwajiriwa, sheria ni hiyo hiyo, na chama chake kipo, CHODAWU. Najua hapa baadhi mtanuna. Nuneni, tutaongea.

Mwisho, la haraka kwa yule aliyeniandikia kwamba ameachishwa kazi akiwa na mimba ya miezi 5. Mdogo wangu, sekta binafsi malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu siku uliyoachishwa. Umesema ni wiki ya pili sasa. Kesho beba barua, mkataba na kadi ya kliniki uende. Kama tawi lipo hapo kazini, mpigie katibu usiku huu huu mwende wote.

Sehemu ya 6: kukamua maziwa na kuyahifadhi nyumba isiyo na friji.