Mnazi Mmoja: kiwanja kilichowekwa ili tusikutane

Nimepotea wiki nzima, msidhani nimedisko. Tulipewa kazi ya studio: kila mtu achague eneo la wazi mjini alichore upya. Nikachukua Mnazi Mmoja nikijua ni chapchap. Kumbe nimejitia kitanzi.

Nikaanza kuchimba historia. Wajerumani waliigawa Dar kwa kanuni za majengo: kanda ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili maduka na nyumba za Wahindi, ya tatu nyumba za udongo na makuti. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaendelea na mgao huohuo. Hata jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wao wa vita waliopiga kambi pale. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha ukanda mtupu, eti magonjwa yasivuke. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja! Yaani ile "hewa safi" tunayoisifia darasani ilikuwa ukuta usio na matofali.

Lakini watu wakaugeuza. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 kwenye nyumba ya jirani, mtaa unaoitwa leo Lumumba, na mikutano ya kudai uhuru ikajaza uwanja huohuo. Mpaka leo watu wanaswali Idi pale.

Sasa mchoro wangu wa kwanza: majani, vijia vilivyonyooka, uzio wa chuma. Rafiki yangu aliyekulia Gerezani akautazama akauliza, "Muuza kahawa umemweka wapi?" Nikakosa jibu. Uzio wangu ulikuwa unafanya kazi ya Waingereza bure, bila mshahara.

Nikarudi kwa Beda Amuli. Soko lake la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, alilipa paa la miavuli ya zege inayokinga mvua, na upepo unapita wenyewe. Ni kama kuuza chini ya mwembe, ila mwembe wa zege. Liliungua Julai 2021, roho iliniuma, lakini wazo halikuungua.

Basi uzio nimeufuta. Nimeweka miembe na mikungu, chini yake kahawa na kashata, katikati pabaki wazi kwa Idi na mikutano. Jumatatu nawasilisha, na mwalimu wetu anapenda uzio ile mbaya. Anayejua mti wa kivuli ambao mizizi yake haipasui lami aniambie kabla ya Jumapili, tafadhali!