Kondoo wa Ng'ambo Mbili: Sufu ya Australia na New Zealand

Kondoo wa merino alikuwa tunu ya Hispania, na kwa karne nyingi kumtoa nje bila idhini ya mfalme lilikuwa kosa. Australia alifika mwaka 1797 kwa njia ya mzunguko: kundi dogo lenye asili ya Hispania lilinunuliwa Rasi ya Tumaini Jema na kupakiwa melini hadi Sydney. Baba wa sufu ya Australia husemwa kuwa ni John Macarthur. Lakini kati ya 1809 na 1817 bwana huyo alikuwa Uingereza, hathubutu kurudi kwa sababu alishiriki uasi dhidi ya gavana, na aliyeshika mifugo, hesabu na vibarua ni mkewe, Elizabeth. Kwa maoni yangu, sifa nyingi zaidi ni zake.

Baada ya njia ya kuvuka milima ya Blue Mountains kupatikana mwaka 1813, makundi yalienea bara, katika ardhi ya wenyeji ambao hawakuulizwa. Katikati ya karne hiyo Australia ilikuwa imeipita Ujerumani katika kulisha viwanda vya Uingereza. Merino wakavushwa bahari, na mwaka 1844 wakaswagwa pwani kwa pwani hadi Wairarapa, New Zealand. Sasa nchi mbili zilifuga mnyama yuleyule na kumuuzia mteja yuleyule.

Kilichozitenganisha kwanza ni mvua. Merino ni mnyama wa nyika kavu. Kwenye malisho ya majimaji ya New Zealand kwato zake huoza. Kisha ikaja barafu. Februari 1882 meli ya tanga iitwayo Dunedin iling'oa nanga Port Chalmers, New Zealand, ikiwa na mizoga ya kondoo ipatayo 5,000 na mtambo wa kugandisha. Cheche za bomba la moshi la mtambo huo zilitishia kuunguza matanga. Walipofika ukanda wa tropiki baridi haikusambaa sawasawa, ikabidi nahodha Whitson atambae ndani ya mkondo wa hewa kutoboa matundu zaidi. Aliganda hadi akazimia, akavutwa nje kwa kamba. Baada ya siku 98 nyama ilifika London ikiwa nzima. Ajabu ni kwamba Australia ilitangulia: meli ya Strathleven ilipeleka nyama iliyogandishwa London miaka miwili kabla. Lakini New Zealand ndiyo iliyobadilisha ufugaji wake kwa ajili hiyo. Ilichagua Romney na chotara, wakiwemo Corriedale, wenye nyama nzuri na sufu nene zaidi, ile ya Romney ikifaa mazulia. Uzi wa Romney hufika maikroni 35 na zaidi. Wa merino huwa chini ya 24.

Australia ikabaki na uzi mwembamba, pamoja na ukame na migomo ya wanyoaji. Vita vya Korea vilipopandisha bei miaka ya 1950 na 1951, ratili moja ya sufu iliuzwa pauni nzima. Utajiri huo uliwalevya watu. Mwaka 1988 bei ya chini iliyodhaminiwa na wafugaji wenyewe ilipandishwa hadi senti 870 kwa kilo. Wanunuzi wakajitoa, maghala yakajaa. Februari 1991 mpango huo wa bei ulivunjika, zikabaki robota milioni 4.7 za sufu, na mamilioni ya kondoo wakapigwa risasi. Robota za mwisho ziliuzwa mwaka 2001.

New Zealand ilikuwa imeshaonja yake. Mwaka 1982, kwa msaada wa ruzuku, ilikuwa na kondoo milioni 70, zaidi ya 20 kwa kila mkazi. Serikali ya 1984 ikafuta ruzuku. Mazulia ya nailoni yakamalizia. Leo kondoo hawafiki milioni 30, na katika miaka ya karibuni mara nyingi sufu nene haikulipa hata ujira wa mnyoaji. Baadhi ya wafugaji wamehamia Wiltshire, kondoo anayepukutisha manyoya mwenyewe. Huko Australia nako Dorper wa Afrika Kusini, asiyehitaji kunyolewa, anazidi kuingia katika mashamba yaliyokuwa ya merino.