Maswali ya Dalili na Lugha ya Mgonjwa

Tabibu apimaye homa ana kipimajoto. Apimaye maumivu ya mwili yatokanayo na huzuni hana chombo ila maneno. Ndiyo sababu historia ya orodha za maswali ya dalili yawahusu wanalugha pia.

Orodha iliyo mashuhuri ilianzia Baltimore, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1954 Parloff, Kelman na Frank walitafuta njia ya kujua kama wagonjwa waliotibiwa kwa mazungumzo walipata nafuu kweli. Mwaka 1974 orodha ilitolewa ikiwa na maswali 58, na baadaye ikafupishwa hata 25. Mgonjwa huulizwa kabla ya tiba na baada yake, na tofauti ya hesabu ndiyo kipimo cha badiliko. Huku kwetu, Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa maswali hayo 25 kwa wajawazito wenye virusi vya Ukimwi nchini Tanzania. Mwaka 2008 wakatoa orodha ya maswali 19 iliyotungwa hapa hapa. Nami naiona hatua hii ya pili kuwa kubwa zaidi.

Tazama neno moyo. Asemaye moyo wake umechafuka, huenda ataka kutapika. Asemaye moyo wamwuma, huenda amefiwa, au ana maradhi ya kifua. Kisarawe ni nchi ya Wazaramo. Kibaha, tangu shule na kituo cha afya cha mradi wa nchi za Nordiki vilipoanzishwa katika miaka ya 1960, imepokea watu wa makabila mengi, kila mmoja na lugha ya mamaye nyuma ya Kiswahili chake. Swali moja laweza kusikiwa namna mbili katika wilaya zilizo jirani, na hesabu zisilingane.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi imo katika kitenzi. Ukiuliza, “Huumwa kichwa?” umeuliza desturi. Mwenye maradhi ya miaka kumi atajibu ndiyo hata baada ya kupata nafuu, wala hasemi uongo. Ukiuliza, “Je, wiki hii umeumwa kichwa?” waweza kupima. Orodha ya Hopkins yauliza habari za wiki moja. Ile ya maswali 20 ya Shirika la Afya Duniani, habari za siku 30. Afasiriye kwa hu- amekwisha kuufuta muda huo.